Mashine Yetu, Kufuli Lao

Asubuhi katika nyumba ile huanza kwa sauti ya mashine. Kabla chai haijachemka, chumba cha mbele kimeshafunguliwa. Vitambaa vimekunjwa mezani. Nyuzi zimepangwa ukutani kwa rangi zake, nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani. Katikati ya chumba imesimama mashine ya kudarizi. Unaiwekea mchoro, unabana kitambaa kwenye fremu, unabonyeza kitufe. Sindano inashuka na kupanda, inashuka na kupanda, mpaka ua linatokea.

Mwenye karakana hii ni mwanamke. Watu humwita Mama Maua, ingawa hana mtoto mwenye jina hilo. Jina limetokana na kazi yake. Mumewe hufanya kazi pamoja naye, na mtaani wamempa jina la Haraka. Hula haraka, hutembea haraka, na hata akipiga chafya utadhani kuna mahali anawahi. Wa tatu ni mama yake Haraka. Huyu kila mtu humwita Bibi. Hukaa kwenye kiti karibu na dirisha, na hamung'unyi maneno. Ua likipinda, anasema limepinda.

Ana haki ya kusema. Maua yote yanayodariziwa pale aliyachora yeye. Aliyachora kwa penseli miaka na miaka, kabla mikono yake haijaanza kutetemeka. Siku hizi hata kikombe cha chai hukishika kwa mikono miwili. Hawezi tena kuchora. Kwa hiyo maua yale hayana mbegu. Yakipotea, yamepotea.

Mashine waliinunua wenyewe, wakamaliza kuilipa siku hiyo hiyo. Haraka alivaa suti, akapiga picha kando ya mashine. Muuzaji aliwapa ushauri mmoja. Aliwaambia wapige picha michoro ya Bibi na kuiweka katika akaunti yao, yaani katika ghala la kampuni lililoko mtandaoni.

"Huko haipotei," muuzaji alisema. "Hailoani, wala hailiwi na mende."

Wakaiweka yote. Karatasi za Bibi wakazitumia kufungia nguo za wateja. Nani atunze makaratasi wakati ana ghala?

Sasa, karakana hii ina sheria moja kubwa. Mashine haisimamishwi katikati ya rangi. Ukiisimamisha, uzi hulegea, na pale inapoanza tena hubaki alama kama kovu. Mteja mwenye jicho ataiona. Bibi ataiona hata bila miwani.

Kampuni nayo ilikuwa na tabia yake. Ilituma ujumbe kwenye kioo cha mashine wakati wowote ilipopenda, hata katikati ya ua. Mashine inasimama. Kioo kinajaa maneno madogo madogo kama sisimizi. Chini kuna vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa "Soma zaidi". Kingine kimeandikwa "Nakubali".

Haraka aliruka kutoka popote alipokuwa, hata kama ana tonge mdomoni. Akabonyeza. Mashine ikaendelea.

"Umesoma?" Mama Maua aliuliza siku moja.

"Nisome huku uzi unalegea? Ua likipata kovu nimwambie nini mteja? Kwamba nilikuwa nasoma?"

Mama Maua alicheka, akaendelea kukata nyuzi. Haraka asipokuwepo, hata yeye alifanya vivyo hivyo. Tuseme ukweli, ndugu msomaji. Ni nani kati yetu husoma yale maneno?

Asubuhi moja mkuu wa wauguzi alikuja kutoka hospitali ya jirani. Alileta aproni za wauguzi wapya. Alitaka kila aproni iwe na ua la Bibi juu ya mfuko, kama zile za wauguzi waliotangulia.

"Wanaanza kazi mwanzo wa mwezi," alisema. "Wagonjwa wetu wanalipenda ua hilo. Wanasema linapunguza harufu ya dawa."

Bibi alitabasamu pale dirishani. Mama Maua akabana aproni ya kwanza kwenye fremu, akawasha mashine. Badala ya maua, kioo kikaandika hivi: "Huduma kwa mashine za aina hii imesitishwa. Ili kuendelea kutumia michoro yako, hamia kwenye mashine mpya."

"Izime, uiwashe tena," Haraka alisema. Dawa yake ya kila kitu ni hiyo.

Wakaizima, wakaiwasha. Maneno yakawa yale yale. Haraka akachomeka flashi kwenye mlango wake, ule ambao zamani ulipokea mchoro kutoka popote. Kioo kikaandika: "Mlango huu umefungwa kwa usalama wako." Haraka akaangalia sindano. Nzima. Akaangalia mafuta. Yapo. Hakukuwa na hata skrubu iliyolegea. Mashine ilikuwa na afya kuliko yeye.

Mama Maua akapiga simu huduma kwa wateja. Kijana mwenye sauti tamu akapokea.

"Kaka, mashine yangu imegoma," Mama Maua alisema.

"Pole sana, mama. Haijagoma. Haihudumiwi tena."

"Mimi sijaomba kuhudumiwa. Naomba kudarizi."

"Naelewa, mama. Mashine mpya zipo, nzuri sana."

"Hii si mbaya. Basi nipe michoro yangu."

"Michoro yako iko salama kabisa. Ila inafunguka kwenye mashine mpya tu."

Mama Maua akavuta pumzi. "Kaka yangu, mashine hii si nimeinunua?"

"Umenunua mashine, mama. Programu iliyomo ndani umeruhusiwa kuitumia tu. Kampuni inaweza kuibadilisha. Masharti mliyakubali."

"Tuliyakubali lini?"

Kijana akasikika akibonyeza kibodi. "Mara nyingi sana, mama."

Mama Maua akageuka kumtazama mumewe. Haraka alikuwa anatazama dari.

Simu ilipokatika, Bibi aliuliza swali moja tu. "Maua yangu yako wapi?"

Bibi hakupiga kelele. Alikunja mikono yake mapajani ili isitetemeke, akageukia dirisha. Mama Maua aliumia moyo. Afadhali Bibi angegomba.

"Tununue hiyo mpya," Haraka alisema. "Niende sasa hivi."

"Na hiyo mpya ikisitishwa?"

"Itasitishwaje nayo ni mpya?"

"Hii ilikuja ikiwa kuukuu?" Mama Maua aliuliza. "Subiri. Tumuulize Mwalimu kwanza. Kuuliza si ujinga."

Mwalimu ni jirani yao wa mlango wa pili. Hufundisha watu wazima kutumia kompyuta, na wanafunzi wake wengine wana wajukuu. Alikuja mchana akiwa na laptopu begani.

"Hodi! Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwalimu, wamenifungia maua yangu."

Mwalimu akaketi, akasikiliza yote. Akasoma kioo cha mashine, neno kwa neno. Haraka alishangaa jinsi mtu anavyoweza kusoma kioo kizima bila kukigusa.

"Mashine haijaharibika," Mwalimu alisema. "Imefungwa. Na kufuli lake si la chuma. Ni maagizo yaliyoandikwa ndani yake. Kila mnapoiwasha, kwanza inaiuliza kampuni kupitia intaneti: nifanye kazi? Kampuni ikisema ndiyo, inadarizi. Ikisema hapana, inakaa."

"Kwa hiyo ng'ombe tunamlisha sisi," Bibi alisema, "kamba ameshika mtu mwingine."

"Umemaliza, Bibi."

"Kwa nini watufanyie hivyo?" Mama Maua aliuliza. "Tumewakosea nini?"

"Hamkuwakosea. Mashine nzuri hudumu, dada. Mkikaa nayo miaka kumi, watamuuzia nani nyingine? Basi wapo wanaotafuta njia ya kumrudisha mteja dukani hata kama kitu chake ni kizima. Si kampuni zote. Wapo watengenezaji waungwana. Ndiyo maana mtu huuliza kabla ya kununua. Lakini huu mlango wa flashi haukuja umefungwa. Ulifungwa baadaye, kwa sasisho. Yaani kampuni ilibadilisha programu, ikawaomba mkubali."

Haraka akakohoa. "Ule ujumbe ulikuwa unakuja katikati ya ua."

"Shemeji, ulikuja wakati ambao huwezi kusoma. Kosa lako ni dogo kuliko unavyodhani. Aliyeandika maneno marefu na kuyaleta wakati wa kazi alijua hutayasoma."

Haraka akafurahi, mpaka Mwalimu alipoongeza, "Lakini kuwa dogo si kwamba halipo."

Haraka akakumbuka jambo. "Mwalimu, ile siku serikali ilipoamuru intaneti izimwe nchi nzima, mashine ililala. Tulidhani ni umeme."

"Ni kufuli hilo hilo. Sindano haihitaji intaneti ili ishuke na kupanda. Kuomba ruhusa ndiko kunakohitaji. Serikali ilizima mtandao kwa sababu zake, na ninyi mkazimwa pamoja nao. Mashine ambayo ufunguo wake uko mbali ina mabwana wengi. Leo kampuni, kesho serikali, keshokutwa mtu aliyekata waya barabarani."

"Na mimi nina kazi gani hapo?" Haraka aliuliza.

"Wewe unalipa umeme."

Bibi alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mwalimu akaeleza kwamba mafundi wa kudarizi wana kikundi chao mtandaoni. Wengi walikuwa na mashine kama hii, na wamegundua jambo. Programu ya kwanza, ile iliyotoka nayo kiwandani, bado imo ndani. Ukibonyeza vitufe viwili pamoja wakati wa kuiwasha, mashine inarudi kama siku ilipotoka kwenye boksi. Haiombi ruhusa kwa mtu, na mlango wa flashi unafunguka.

Haraka alikuwa amekwishafika kwenye mashine. "Vitufe vipi?"

"Shemeji, keti!"

Akaketi.

"Kuna mambo mawili kabla ya vitufe," Mwalimu alisema. "La kwanza ni hili hapa." Akaonyesha maandishi madogo chini ya kioo. Yalisema kwamba kuingilia programu ya mashine ni kosa la jinai.

"Tutafungwa?" Haraka aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Tusiogope, na tusipuuze. Serikali nyingi zilitunga sheria za kulinda makufuli ya namna hii. Nia ilikuwa kuzuia wizi wa kazi za watu, kama muziki na filamu. Lakini kuna kampuni zinazotumia sheria hizo kumtisha hata mtu anayetengeneza mali yake mwenyewe. Nchi nyingine zimeanza kurekebisha. Sheria hazifanani, basi dawa ni kuuliza kwa wanaojua za kwetu."

Mama Maua akapiga simu ofisi ya kutetea wateja. Ofisa aliyepokea alikuwa mama mtu mzima, hana haraka.

"Mashine ni ya nani?"

"Yangu. Nimeinunua."

"Michoro?"

"Ya mama mkwe wangu. Kachora kwa mkono wake."

"Mnataka kunakili programu ya kampuni na kuiuza?"

"Tuiuze tuipeleke wapi? Tunataka kudarizi aproni."

"Basi kwa sheria zetu, kurudisha mashine yako ilivyotoka kiwandani si kosa. Itumie, mwanangu. Na njoo hapa uandikishe malalamiko. Wewe si wa kwanza. Mkiwa wengi, sauti yetu inakuwa nzito."

Haraka akapumua. "La pili ni lipi, Mwalimu? Nibonyeze?"

"La pili ndilo gumu. Mashine ikirudi upya, inafuta kila kilichomo. Kama kuna maua ya Bibi yamebaki kwenye kumbukumbu yake, nayo yatafutika."

"Yamo?"

"Sijui. Kioo hakifunguki, kwa hiyo hatuwezi kuchungulia."

Mashine ikirudi bila maua, watapata kazi gani nayo? Na wakiacha kubonyeza, aproni za watu zitadariziwa na nani? Wote wakamtazama Bibi. Bibi naye alikuwa anatazama nje.

"Yule muuza matunda," Bibi alisema taratibu, "kajifunga kitambaa changu kichwani. Kakifunga ovyo."

Mama Maua akasimama. Akatoka mbio, akapita katikati ya ndoo na baiskeli, akamfikia muuza matunda.

"Dada, vua kitambaa!"

"Nimekosa nini?" mwanamke wa watu aliuliza, ameshika kichwa.

"Hujakosa. Una ua letu!"

Akarudi nacho. Akakitandaza mezani, halafu akakigeuza. Hapo sasa alikuwa katika elimu yake. Mbele ya kitambaa unaona ua. Nyuma unaona kazi. Unaona fundo pale rangi ilipoanza, mkia wa uzi pale ilipoisha, na njia ambayo sindano ilipita kutoka petali hadi petali.

"Ilianza na shina," alisema, kidole kikifuata uzi. "Halafu petali za chini. Njano ilikuja mwisho. Mwalimu, kama kungekuwa na pa kuchora upya kwenye kompyuta, ua hili ningelirudisha lote."

"Papo," Mwalimu alisema, na uso wake ukang'aa. "Kuna programu huria ya kudarizi. Huria maana yake waliotengeneza wameiacha wazi. Huombi ruhusa, unaweza hata kuangalia ilivyoundwa ndani, na kazi yako unaihifadhi kwa namna ambayo mashine nyingi zinaisoma. Inabaki kwako."

Wakapiga picha kitambaa, rula ikiwa pembeni ili vipimo visipotee. Mwalimu akafungua programu. Mama Maua akaonyesha kila njia ya uzi, na Mwalimu akamfundisha kuichora kwa kipanya. Mwanzoni kipanya kilimkimbia. Baadaye kikatulia mkononi kama sindano. Jioni ua la kwanza lilikuwa kwenye flashi, na muuza matunda alikuwa amerudishiwa kitambaa chake kikiwa kimepigwa pasi.

Kesho yake kazi ikawa ya kusaka. Haraka sasa alipata kazi inayomfaa. Alizunguka mtaa mzima akigonga milango. "Habari za humu? Mna ua letu?" Watu walimshangaa, halafu walielewa. Wakatoa mito, vitambaa vya meza, mashuka, mikoba ya shule. Mwoka mikate alivua aproni yake ikiwa na unga. Mkuu wa wauguzi alileta aproni ya muuguzi wa zamani, na ua la hospitali likapatikana. Muuza nyama alikataa kuacha foronya yake. Alisema ni zawadi ya mkewe, haitalala nje. Akaja nayo mwenyewe, akaketi karibu nayo mpaka ilipopigwa picha, kisha akaikunja akaondoka nayo kifuani.

Kila nguo ilipotandazwa, Bibi aliitazama. "Hilo nililichora mvua ikinyesha." "Hilo nilikuwa na hasira, ona majani yake." Kwa miaka mingi hakuwa amezungumza kiasi hicho.

Ua moja halikupatikana. Walikuwa wamelidarizi mara moja tu, kwenye shuka la mwanamke aliyehamia mbali, na simu yake haikupatikana. Lilikuwa ua la mwisho Bibi kuchora. Haraka aligonga milango yote mara ya pili, akarudi mikono mitupu.

"Liache," Bibi alisema. Lakini macho yake yalisema jambo jingine.

Mama Maua akavuta kiti, akaketi karibu naye na laptopu mapajani. "Mama, mikono yako imechoka. Mdomo wako je?"

"Mdomo wangu haujawahi kuchoka."

"Basi niambie."

Bibi akafumba macho. "Shina lianze chini kushoto. Si hapo. Kushoto zaidi. Lipande kama mtu anayeamka kitandani, si kama askari. Haya. Petali ya kwanza iiname. Umeiinamisha sana, inaanguka!" Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Mama Maua alifuta, akachora, akafuta tena. Mwishowe Bibi akafumbua macho, akatazama kioo muda mrefu.

"Silo," alisema.

Mama Maua akainamisha kichwa.

"Silo lile. Hili ni dada yake." Bibi akamshika mkono. "Na ni zuri kuliko lile, ila usimwambie mtu."

Mama Maua alilia, na hakujificha.

Sasa vitufe vikabonyezwa. Haraka aliomba apewe heshima hiyo. Mkewe alikubali, kwa sharti moja: asome kwa sauti kila neno litakalotokea. Kioo kikazimika, kikawaka. Haraka akasoma lugha, tarehe, onyo la kutoingiza kidole chini ya sindano. Akafika mahali palipoandikwa: "Unganisha mashine na intaneti ili ipokee masasisho yenyewe." Hapo palikuwa na kitufe cha "Ruka hatua hii", kidogo kabisa pembeni. Alikiona kwa sababu alisoma.

Akachomeka flashi. Maua ya Bibi yakajipanga kwenye kioo, moja moja, yote.

Haraka alipiga ukelele uliomwamsha mtoto wa jirani. Mama Maua akabana aproni ya kwanza. Sindano ikashuka na kupanda. Hakuna ujumbe uliokuja katikati ya ua, siku ile wala baadaye. Wauguzi wapya walianza kazi mwanzo wa mwezi, kila mmoja na ua lake juu ya mfuko.

Mambo mengine yalibadilika pia katika nyumba ile. Maua sasa yanakaa kwenye flashi kabatini, nakala nyingine iko kwa Mwalimu, na nyingine Bibi anayo kwenye mfuko wa gauni lake. Wakati mwingine hulala nayo. Mashine haiunganishwi na intaneti kwa sababu haiihitaji. Mwalimu aliwaeleza kwamba simu na laptopu ni tofauti. Hizo zinaingia mtandaoni kila siku, na masasisho yake mengi huziba matundu ya wezi. Msiyakatae, alisema, ila yasomeni kwanza. Malalamiko yameandikishwa ofisini, pamoja na ya mafundi wengine wengi. Kampuni haijajibu. Mama Maua hupiga simu kuuliza, na yule ofisa sasa anamjua kwa sauti.

Haraka naye amepata umaarufu mpya. Fundi mwenzake alipotaka kununua mashine, alimwomba amsindikize dukani. Muuzaji alikuwa ameanza kusifu kioo kikubwa.

"Kioo tumekiona," Haraka alisema. "Intaneti ikizimwa, inadarizi?"

"Aa, intaneti haizimwi siku hizi, mzee."

"Ikizimwa?"

Muuzaji akaenda kuuliza nyuma. Akarudi.

"Nikitaka kutoa michoro yangu nipeleke kwenye mashine nyingine, natoaje? Inakubali sindano ya kampuni nyingine? Fundi wangu wa mtaani anaweza kuifungua? Na siku mkichoka kuihudumia, itaendelea kufanya kazi?"

Muuzaji alienda nyuma mara nyingi hata akaanza kutoa jasho. Mwishowe alileta mashine nyingine, yenye kioo kidogo. Ile ilijibu maswali yote vizuri. Yule fundi aliinunua hiyo.

Habari zikaenea. Mafundi wakaanza kuja kwa Mama Maua kujifunza programu huria. Siku moja walijaa chumba, wengine wakakaa kwenye marobota ya vitambaa. Mmoja wao aliuliza kwa aibu, "Bibi, na sisi tunaweza kupata lile ua la hospitali? Hata moja tu, la kujifunzia."

Haraka akaingilia kati. "Jamani, kujifunza sawa. Lakini maua ndiyo biashara yetu. Tukiyagawa, tutakula nini?"

Mama Maua alijua maua hayakuwa yake kuyatoa. Akamtazama mama mkwe wake.

Bibi alifikiri. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile flashi.

"Mwanangu," alimwambia Haraka, "tulipoyaweka mahali pamoja, yalifungwa. Nani aliyeturudishia? Muuza matunda. Mwoka mikate. Foronya ya muuza nyama. Yaliyotoka humu ndani ndiyo yaliyorudi. Waambie tu waseme yametoka kwa nani. Wape."

"Yote, Mama?"

"Yote. Mkiwa nayo wengi, nani atayafungia wapi?"

Kazi ya Mama Maua haikupungua. Watu wanaotaka ua la Bibi lililodariziwa vizuri bado wanajua mlango wake. Wengine wametoka mbali, wameliona ua kwenye nguo ya mtu, wakauliza, wakaelekezwa.

Wiki iliyopita Mama Maua alimtoa Bibi matembezini, taratibu, wameshikana mikono. Mbele yao alikuwa anatembea msichana ambaye hawamjui. Mgongoni alibeba mkoba, na kwenye mkoba kulikuwa na ua la Bibi. Halikudariziwa na Mama Maua. Petali zilikuwa za buluu, na majani yalikuwa ya zambarau.

Bibi alisimama katikati ya njia.

"Majani ya zambarau!" alisema kwa sauti, bila kujali nani anasikia. "Nani amewahi kuona majani ya zambarau?"

"Nimwite, Mama? Tumwulize nani kamdarizia?"

"Mwache." Bibi alilitazama ua lile mpaka msichana akakata kona. "Mkono wa mtu na ladha yake. Hatukumwekea kufuli."

Akaanza kutembea tena, akiwa mwepesi kuliko walipotoka nyumbani.